Sakafu ya Kibondo na Vidole vya Mninga

Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba wachezaji wa baleti hukatwa vidole vya miguu wakiwa na umri wa miaka saba, wakawekewa vidole vya mti. Sikuamini kama mtu anavyoamini habari za kijiweni, leo anazo kesho kazisahau. Niliamini kifundi. Nilikwishafika hatua ya kubishana na nafsi yangu ni mti gani unaofaa. Mpingo ni mzito mno, mtoto hataruka. Paini ni laini, kidole kitachakaa kabla hajamaliza darasa la pili. Mkaratusi ukikauka unajipinda, na hebu fikiria kidole kilichojipinda ndani ya kiatu. Nikahitimisha kwamba ni mninga.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana mnaobaki karakana, na ninyi mnaozunguka na watu wa filamu, mmelisikia nusunusu na kila mmoja ameongeza chumvi yake, kana kwamba mimi sikuweka ya kutosha. Sasa nimestaafu. Randa nimeitundika, magoti yamegoma, na muda ninao. Mambo ya vyeo na mishahara sitayaandika, maana hayakuwa mengi kiasi cha kujaza ukurasa.

Nilianza kazi Kasulu mjini kwa Mzee Bitama, seremala aliyekuwa mfupi kuliko meza yake mwenyewe. Siku ya kwanza hakunipa msumeno. Alinifunga macho kwa kitambaa kilichonuka vanishi, akaniketisha juu ya kreti, akaanza kugonga vipande vya mbao mezani, kimoja baada ya kingine.

"Huu?"

"Sijui, mzee."

"Mvule. Na huu?"

"Mvule."

"Mninga. Kesho utarudi."

Nilirudi kesho, na keshokutwa, na wiki tatu nzima, macho yamefungwa, kichwa kinauma kama kimegongwa chenyewe. Mzee Bitama alisema rangi mtu anaweza kupaka, lakini sauti ya mbao hakuna anayeweza kuipaka. Mwisho nikawa naujua mti kwa mgongo, kwa sauti tu bila kugeuka kuutazama. Mtu akipita nje na fimbo nasema, hiyo ni mkaratusi, na amepita bila kulipia chai. Mke wangu atawaambia nazidisha. Asiwasumbue.

Mbele ya karakana lilikuwepo duka la Mzee Salum, muuza vitambaa, mtu mwenye ndugu zake Tanga. Kila mwaka mpya ndugu hao walimletea kalenda, na mwaka mmoja ikaja yenye picha ya binti wa Kizungu aliyesimama juu ya ncha ya kidole kimoja cha mguu, mguu wa pili uko hewani, uso umetulia kama anasubiri kuhudumiwa posta. Tulikwenda kuitazama mimi na mzee, vikombe vya chai mkononi.

"Mtu hawezi kusimama hivyo," nikasema.

"Hawezi," akasema Mzee Bitama. "Hao wanatolewa vidole wakiwa wadogo. Wanawekewa vya mti."

Mzee Salum alicheka, lakini Mzee Salum alicheka hata akiuza kanzu za msiba. Mimi sikucheka. Mtu aliyenifundisha kuusikia mninga kwa mgongo, angeniambia mwezi umetengenezwa kwa plaiwudi, ningeuliza milimita ngapi.

Miaka ikapita kwa milango, madawati na majeneza. Katikati yake nikaingia masomo ya jioni, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na mmoja, darasani na watu ninaoweza kuwazaa. Mmoja nilikuwa nimemzaa kweli. Alikaa nyuma yangu na kujifanya hanijui, hadi mtihani wa hesabu ulipokaribia, ndipo nami nikajifanya simjui.

Kazi ya filamu ilinikuta bila kuitafuta. Walikuja watu wa kurekodi filamu ya afya, wakataka ukuta wenye dirisha, bila chumba nyuma yake. Nikawauliza mvua ikinyesha nani atalowa. Wakasema hakuna, hakuna anayeishi humo. Nikaujenga ukuta imara kiasi kwamba walipoondoka mwenye kiwanja aliongeza kuta tatu akahamia. Tangu hapo kila kikundi cha filamu kilichopanda huku juu kiliniita. Nimejenga reli za kamera za mbao, vitanda vya hospitali ambayo haipo, na daraja moja kule Kasanda lililotakiwa kuvunjika mwigizaji akiwa katikati. Lilivunjika asubuhi, mwigizaji akiwa bado anakunywa uji. Somo mlichukue hapo: kitu kinachotakiwa kuvunjika kinataka ufundi mara mbili ya kile kinachotakiwa kusimama.

Sasa niwapeleke Kibondo.

Kibondo alikuwepo Mwalimu Rehema, mwanamke wa makamo aliyesomea baleti ng'ambo ujanani, kisha akaolewa na mtumishi aliyehamishiwa huku. Wengine wakihamishiwa huku hulalamika juu ya barabara. Yeye alikusanya watoto wa shule, wasichana wanane na wavulana watatu, akaanza kuwafundisha jioni baada ya masomo, miguu pekupeku juu ya saruji. Aliwafundisha hivyo miaka minne. Habari zikafika Dar es Salaam kwa kijana mmoja mwongozaji wa filamu, jina lake Kassim, naye akaja na watu saba na masanduku arobaini kutengeneza filamu juu ya watoto hao, wao wenyewe wakiwa waigizaji. Walikodi ghala tupu la mazao. Wakaniita kujenga sakafu.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Mwalimu Rehema akanikanyagia ubao wa kwanza kwa kisigino, akatikisa kichwa.

"Fundi, hii imekufa. Mtoto akiruka lazima sakafu impokee, halafu imrudishe."

Tulihangaika siku tisa. Jibu lilikuwa hili, na liandikeni: mbao za paini zilizokauka vizuri, tabaka mbili zinazopishana, katikati vipande vya tairi kuukuu vyenye ukubwa wa kiganja, na juu yake plaiwudi. Msipige msumari juu. Tumieni skrubu, kichwa kizame, kizibwe, kipigwe msasa hadi soksi ipite bila kunasa. Sakafu ikilia mnasugua kipande cha mshumaa kwenye maungio, maana kijana wa sauti alikuwa na masikio ya popo na kila kelele ilimtoa machozi. Ufito wa kushikilia ukutani niliuchonga kwa mninga, nikaufunga usawa wa kifua changu. Mwalimu akautazama.

"Hawa ni watoto, Fundi. Sio walinzi wa mpaka."

Nikaushusha.

Poda yao ya kuzuia kuteleza ilipokwisha, nilikwenda kwenye miti ya paini, nikabandua utomvu uliokauka kwenye magome, tukautwanga kwenye kinu. Mwalimu Rehema aliukanyaga, akasugua soli, akasema ule wa dukani haujaufikia. Siku ile nilijiona daktari.

Mtoto aliyekuwa roho ya filamu yenyewe aliitwa Evelina. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, msemaji, akilelewa na bibi yake huko Mabamba, karibu na mpaka wa Burundi. Siku za shule alikaa bweni Kibondo, mwisho wa wiki alirudi kwa bibi. Ndiye wa kwanza kuruka juu ya sakafu yangu. Alitua, akasimama kidogo, akanitazama nilipokaa na randa yangu.

"Fundi, inanirudisha juu."

"Ndiyo kazi yake."

"Basi nataka kukaa hapa hadi nizeeke."

Nimesifiwa na watu wengi wenye tai. Sifa ninayoikumbuka ni ile.

Kisha vikaja viatu. Kikundi kiliviagiza kutoka ng'ambo kwa ajili ya onyesho la mwisho, vile viatu vya waridi vyenye utepe, vyenye ncha ngumu. Mwalimu alisema miguu ya Evelina iko tayari, wengine bado. Yeye mwenyewe akavaa jozi yake ya zamani kumwonyesha, akapanda juu ya ncha, akavuka sakafu kwa hatua ndogondogo. Ko, ko, ko, ko. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, nafunga skrubu. Nikaganda. Mgongo wangu uliniambia kitu kimoja tu: mninga.

Tangu nifike Kibondo sikuwahi kuona vidole vya mwalimu yule, kila wakati yuko na soksi. Hesabu ikajijibu. Mzee Bitama, Mungu amrehemu, alisema kweli. Na msidhani niliogopa. Nilijua mimi kwamba watoto wetu hawatakatwa, hilo ni la wale wanaokwenda ng'ambo kuwa mabingwa, kwa daktari na kwa sahihi. Nilijisikia fahari kuwa karibu na ufundi mkubwa namna ile.

Fahari ndiyo iliyoniponza. Jumamosi ile nilikwenda gulio la Mabamba kutafuta mbao, nikaketi kibanda cha chai. Mkinijua mnajua kilichotokea. Nilisema nimemsikia mwalimu akitembea kwa vidole vya mninga. Wakashangaa. Nikasema nimeviona. Wakaacha kunywa chai. Nikasema kuna sanduku zima la akiba, saizi zote. Chai yangu nilinunuliwa, na maandazi juu.

Jumatatu Evelina hakurudi Kibondo. Jumanne hakurudi. Tulikuwa tumebakiza siku sita za kurekodi, na Kassim alizunguka ghalani kama mtu aliyepoteza funguo.

"Mzee wangu, nusu ya filamu hii ni uso wake. Bila Evelina tumekwisha, tunapakia tunaondoka."

Watoto wengine walikaa pembeni ya sakafu, hakuna aliyeruka. Ikajulikana tu kwamba bibi amekataa. Bibi Konsolata alikuja nchini na vita vya Burundi, akapata uraia hapa, analima muhogo na maharage, na Kiswahili anakisikia kidogo, hakisemi. Mwalimu Rehema Kirundi hajui. Mimi Muha, lugha zetu zinasikilizana kama ndugu wa tumbo moja. Basi nikapewa kazi ya ukalimani, nikavaa shati jipya.

Tulimkuta anamenya muhogo mbele ya nyumba. Nilimsalimu kwa utaratibu wetu, nimeinama, napiga makofi taratibu, naye akanipigia. Akamletea mwalimu kigoda, mimi akaniacha nikae ninapopaona. Nikamweleza kwamba mwalimu anauliza ni nini kimemkosea. Bibi hakuacha kumenya.

"Mwambie," akasema, "nimelea mtoto huyu tangu ana meno mawili. Mama yake nilimzika. Sitampeleka kukatwa vidole. Kuna fundi anayewajengea, alikuja gulioni, ameviona vidole vya mti kwa macho yake, sanduku zima. Na sanduku hilo analitunza yeye, ndani yake mna vidole vya watoto waliokwisha kukatwa."

La mwisho sikuwa nimelisema, nawaapia. Lakini mengine yote yalikuwa sauti yangu, imeniwahi kufika.

"Anasemaje?" akauliza mwalimu.

Nikakohoa. "Anasema mtoto anachoka sana."

Mwalimu akainama mbele, kwa huruma kubwa, akaeleza habari za kupumzika, kulala mapema na kunywa maji. Nikatafsiri. Bibi Konsolata akaweka kisu chini. Alinitazama kama mtu aliyeuliza bei ya mbuzi akajibiwa habari za hali ya hewa.

Mlangoni akatokea Evelina, macho mekundu.

"Fundi, bibi hakusema hivyo."

"Evelina, mwanangu."

"Hakusema hivyo. Sema alivyosema. Au nitasema mimi."

Nimebeba mbao za mvule mbichi begani. Hakuna nilichobeba kizito kama sentensi ile. Nikaisema kwa Kiswahili yote, na nilipofika kwenye fundi nikamalizia mwenyewe: "Na fundi huyo, mwalimu, ni mimi." Kisha nikageuka, nikamwambia bibi hivyo hivyo kwa Kiha, kwamba mimi ndiye, kwamba sanduku halipo, na kwamba sikuona kwa macho, nilisikia kwa mgongo.

"Kwa mgongo," akasema bibi.

"Ndiyo, mama."

"Mkewe anayo kazi," akamwambia Evelina.

Mwalimu Rehema alivua kiatu kimoja, cha pili, kisha soksi zote mbili, akaweka nyayo zake juu ya mkeka. Bibi akasogea, akazishika, akahesabu akigusa kimoja kimoja, "rimwe, kabiri, gatatu," hadi kumi. Kucha mbili zilikuwa nyeusi, kidole kimoja kimepinda, visigino vimepasuka. Bibi akavua kandambili zake, akaweka miguu yake pembeni ya ile. Ilikuwa imefanana kama ya mtu na mdogo wake.

"Huyu amelima," akasema.

Nilitafsiri, safari hii bila kukohoa. Mwalimu akacheka, ndipo nikapumua. Akatoa mfukoni kiatu kimoja cha ile jozi yake ya zamani ya baleti, akagonga ncha kwenye kigoda, ko, akaomba kile kisu cha muhogo. Akakipasua kiatu mbele yetu. Tabaka za kitambaa kikavu, karatasi, na kitu cheupe kilichoganda. Bibi akakibandua kwa ukucha, akanusa.

"Ni uji uliokaukia sufuriani."

Lakini ruhusa alikuwa hajatoa, na Evelina alikuwa amesimama na mikono imekaza nguo yake. Mwalimu akamwambia amwonyeshe bibi wanavyomaliza somo. Kule kwa wenyewe baleti humalizika kwa kuinama mbele ya mwalimu. Watoto wa Kibondo walikwishaongeza cha kwao, na mwalimu hakuwazuia: wanapiga magoti kidogo, wanainama, na wanapiga makofi polepole, kama wanavyosalimu wakubwa nyumbani. Evelina alifanya hivyo pale kwenye vumbi jekundu, mbele ya bibi yake, mgongo umenyooka, mguu mmoja umetangulia.

Bibi Konsolata, kabla hajajua anafanya nini, alimwitikia kwa makofi. Salamu ile haiachwi bila kujibiwa.

"Wanafundishwa adabu," akaniambia, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nikikataa. "Atarudi. Nami nitakwenda. Nitakaa nitazame vidole kila siku. Na wewe wa mgongo, utanichongea kigoda."

Nilimchongea kigoda cha mninga, miguu mitatu, nikakipiga msasa kuliko kitu chochote maishani mwangu. Siku tano za mwisho alikaa nacho pembeni ya sakafu, nyuma ya kamera, na Kassim akajifunza kutosema "anza" kabla hajamtazama yeye. Siku ya onyesho la mwisho Evelina alivaa viatu vya waridi. Ghala lilinyamaza, hata popo wetu wa sauti alitabasamu. Alipanda juu ya ncha katikati ya sakafu, akakaa pale muda ambao mimi nasema ni dakika saba, Kassim anasema ni sekunde nne, na filamu ipo, mnaweza kupima wenyewe. Kisha akashuka, akainama, akapiga makofi. Na kwenye filamu, ukisikiliza vizuri, kuna makofi ya mtu mzima yanayojibu kutoka nje ya picha. Kijana wa sauti alitaka kuyafuta. Kassim akamwambia ayaguse aone.

Nimejenga vitu vingi baada ya hapo, lakini ile ndiyo kazi ninayoiota. Bado nasikia vishindo vya watoto kumi na mmoja vikipokelewa na kurudishwa.

Kesho yake asubuhi nilianza kuifungua sakafu, skrubu moja moja. Evelina alikuja kuiaga. Aliketi kwenye ubao wa mwisho, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, naye bibi yake akimsubiri nje na kigoda chake kichwani. Nilimwomba radhi. Akasema bibi amekwisha kunisamehe, na kwamba huko Mabamba wananiita Mgongo.

Nikafanya kazi kidogo. Lakini kuna kitu kilikuwa hakijatulia, na mtu aliyefundishwa na Mzee Bitama hawezi kuacha ungio halijakaa. Ya mwalimu nilikuwa nimeona. Yule wa kwenye kalenda ya Mzee Salum sikuwahi kumwona soksi imevuliwa.

"Evelina," nikasema, "na wale mabingwa wenyewe, wa huko ng'ambo, ambao husimama hivyo usiku kucha? Hao nao?"

Akatoa mguu mmoja majini, akaukausha kwa upindo wa sketi, akautazama.

"Hakuna mti, Fundi. Ni vidole vyao, na vinauma."